Shimo la Ijumaa

Jua lilikuwa limegusa kilima cha Lusangi pale Théophile alipoliachia gogo. Magogo mawili tayari yalilala juu ya mdomo wa shimo. Mengine yalikuwa bado porini.

"Papa Théo, tumalize," alisema Pitchou, mwenzake wa kuchimba dhahabu. "Shimo iko kando ya njia ya kwenda kwako. Mutu atatumbukia."

"Sabato inaingia. Kesho jua likizama nitafunika."

Pikipiki ya abiria wa kwenda mji wa Salamabila ilipiga honi barabarani. Pitchou alitikisa kichwa akaifuata.

Théophile alisali na watu wachache wa Kasongo wanaoshika Torati kama Wayahudi. Mwalimu wao, mzee Ibrahim, alifundisha kwamba amri nyingine sababu yake kila mtu anaiona, na nyingine hushikwa kwa kuwa Mungu amesema, basi. Théophile alizipenda hizi za pili. Shimo hata mpagani hulifunika, kwa kuogopa kesi. Lakini kuweka chini kazi inayokaribia kwisha, nani atafanya hivyo kama si ampendaye Mungu? Kiburi chake alikiita mapenzi.

Kila Jumamosi alfajiri, jirani yake Marie-Louise, mjane Mkatoliki mpika maharage, alimletea kijinga cha moto na kumwashia jiko, maana siku hiyo Théophile hagusi moto na baridi humbana kifua. Hakuombwa. Wenzake wakimtania kwamba anamtaka Papa Théo, alicheka tu: "Moyo umetaka."

Jumamosi ile hakuja. Théophile alikaa mbele ya mafiga akikohoa, na, aibu iliyoje, alinung'unika moyoni kwamba mama huyu amelala sana. Kulipokucha aliingia Yvette, binti wa Marie-Louise.

"Mama iko hapa?"

Théophile alikumbuka shimo. Alikimbia.

Kijinga kilikuwa mdomoni mwa shimo, kimezimika. Théophile alibeba kamba, alichimba, alivuta, kazi zote zilizokatazwa, kwani kuokoa uhai huitangulia Sabato; hilo alilijua vizuri. Uhai wenyewe ulikuwa umekwisha kwenda. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu. Siku nyingine huingia jirani.

"Kwa nini hukufunika?" aliuliza Yvette.

"Sabato ilikuwa inaingia."

Alisema hivyo, akayasikia mwenyewe maneno yake, akatamani ardhi immeze.

Ijumaa iliyofuata alilifukia shimo lote tangu asubuhi, kwa koleo, na pale koleo liliposhindwa akatumia mikono. Jumamosi alikaa tena mbele ya mafiga. Baridi ilimstahili, na hakumngoja mtu.

Mlango ulisukumwa. Yvette, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alishika kijinga. Alipiga magoti, akakisukuma katikati ya kuni, akapuliza mpaka zikashika. Hakusalimu. Théophile alitaka kumwuliza kwa nini, lakini alipofungua kinywa binti alikuwa amekwisha toka.

Alinyoosha mikono kuota moto, kisha akairudisha. Kuni ziliwaka mpaka zikaisha, naye alikaa mbali nazo, akitetemeka.