Kabari ya Kinyua na Maombi ya Cucu Magdaline

Kinyua mwenye buchari pale Othaya alijua kila kiungo cha mbuzi. Aliweza kutenganisha paja na nyonga huku akipiga gumzo na mteja, macho yakiwa barabarani. Ndiyo maana alipoanza kujifunza jiujitsu ya Brazili alijiona amefuzu kabla hajavua viatu. Lakini mbuzi wa buchari hajitetei. Miezi mitatu ilipita, na hakuna binadamu hata mmoja aliyegonga mkeka kwa ajili yake. Na kugonga mkeka au mwili wa mpinzani, katika mchezo huo, ndiko kusema nimeshindwa, niachilie.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Mashindano yalikuwa Jumamosi kule Nanyuki, nafasi imebaki moja, na Kinyua alikuwa ameshaandika kwenye ukuta wa buchari kwa rangi nyekundu: JUMAMOSI TUMEFUNGA, MWENYEWE ANAPIGANA NANYUKI.

"Nafasi ni ya yule atamfanya Cucu Magdaline agonge," alisema Sajini Nehemiah, askari kutoka Kakamega aliyewafundisha.

Darasa zima liliguna. Cucu Magdaline, bibi wa miaka sitini na mmoja, alitumwa na kanisa aje kuchunguza ni uchafu gani unafanyika katika ukumbi wao, mtu kulala chali na mwenzake kati ya miguu yake. Alichunguza wiki moja. Wiki ya pili alikuja na suruali ya mazoezi chini ya sketi. Tangu hapo hajagonga. Kanisa lilitoa ukumbi kwa sharti moja: mtu akianza kuomba, wote watulie na kufumba macho mpaka amina. Na Cucu, kila akibanwa, aliomba.

Ben, fundi wa pikipiki, alitangulia. Alimkunja kiwiko barabara. Cucu akawaombea wagonjwa wa Mukurweini, mmoja mmoja, kwa majina. Ilipofika amina, mikono ya Ben ilikuwa imekufa ganzi, na Cucu akauchomoa wake kama anayetoa kiazi kwenye jivu.

"Wewe wa buchari, kuja," Cucu akaita. "Ama unangoja nipimwe kilo kwanza?"

Kinyua akalala chali, Cucu akapiga magoti kati ya miguu yake. Hiyo ndiyo gadi: aliye chini ndiye mwenye meno. Kinyua alivuta mkono mmoja wa Cucu, akarusha mguu juu ya bega lake, akaufungia kwenye goti la pili. Shingo na mkono vikanaswa ndani ya mapaja. Kabari ya pembetatu. Ilibaki kukaza tu.

"Baba wa mbinguni," alisema Cucu.

Macho yote yakafumbwa. Cucu akaombea chai ya Othaya, mpunga wa Wang'uru, walimu, wasafiri, ng'ombe wenye mimba. "Na wale miguu yao inatetemeka saa hii, Baba, wewe unawaona."

Mapaja ya Kinyua yaliwaka moto. Hapo akakumbuka jambo. Kanisani, mtu akitoa ushuhuda ukazidi kipimo, hakuna anayethubutu kumwambia nyamaza. Mmoja huanzisha pambio, wengine wakadakia, na msemaji hukaa chini bila kuaibishwa.

Kinyua akaanzisha pambio, kwa sauti ya msumeno juu ya mfupa. Ben akadakia. Sajini akashika sauti nzito. Mwalimu Sophie, mwanafunzi mwenzao pale mkekani, akapiga kigelegele.

Cucu aliongoza nyimbo miaka thelathini. Pambio halimpiti bila makofi. Mkono mmoja ulikuwa umenaswa. Ule mwingine ukatafuta pa kupigia, ukalipata paja la Kinyua. Pa, pa, papapa.

Sajini akafumbua macho. "Amegonga."

"Nimegonga nini? Nilikuwa namsifu Mungu."

"Cucu, umegonga mara kumi. Sheria ni sheria."

"Ati sheria. Muulize mwenyewe."

Wote wakamgeukia Kinyua. Akilini aliuona ukuta wa buchari na maandishi yake mekundu, akawaona wateja wakiyasoma. Neno moja tu, na Nanyuki ni yake.

"Aliimba," alisema.

"Kinyua, wewe ni mjinga?" Sophie akauliza.

"Mimi sishindi mtu kwa pambio."

Cucu alimtazama kutoka kule kati ya magoti yake. Kisha akagonga mkeka mara tatu, taratibu, kila mtu akiona.

"Andika, Sajini. Mimi Jumamosi niko na harusi ya mjukuu."

"Na mbona umetuzuia muda huu wote?" Ben akalia.

"Nani aliniuliza kama naenda? Na wewe kijana, kaza. Nimekaa humu ndani naongea kama mtu ako kwa simu."

Kinyua alitaka kukataa. Ushindi wa kupewa ulimchoma kuliko kushindwa. Lakini ili akatae kwa heshima ilibidi asimame, na miguu iligoma kufunguka, Cucu bado yumo. Ben akavuta huu, Sajini akavuta ule, wakamtoa mama wa watu. Kisha wakambeba mwakilishi wa Othaya hadi nje, amekunjana kama kiti cha kukunja cha harusini, naye akifoka kwamba atakwenda Nanyuki, atakwenda, ila iandikwe mahali kwamba hakushinda.