Kiti cha Mzee Mwandawiro

Syokau alitema mate nje ya karakana yake, akafuta mdomo kwa mkono wa ovaroli, akaitazama tena laptopu. Maandishi mekundu yalikuwa palepale: faili imeshindwa kuandikwa.

"Na wewe huchoki kusema neno moja?" aliiuliza.

Pikipiki iliyomtesa ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Mwandawiro wa Mraru, mwenyekiti wa ranchi ya jamii na mzee wa kanisa. Ilikuwa pikipiki kubwa ya injeksheni, aina ile ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti. Tangu Mzee abadilishe ekzosi, lile bomba la moshi, ilikuwa ikikohoa na kubugia petroli, na dawa yake ni kufuta programu ya zamani ndani ya kompyuta hiyo na kuandika mpya. Hapa Voi kazi hiyo anaiweza Syokau, na watu hutoka mpaka Miasenyi kumfuata.

Mzee aliileta asubuhi, amevaa suti yake ya mazishi.

"Mama Shanice, nitengenezee hii kitu. Jioni nataka kurudi nayo nyumbani. Lakini kiti usiguse. Kufuli iliharibika, nimekifunga na waya."

"Sawa, Baba," alijibu Syokau, macho chini.

Mzee akasafisha koo. "Na hiyo maneno ya ndugu yako, unajua tunakaa nayo leo. Usiniwekee moyoni. Mwizi wa wanyama ni mwizi, hata akiwa shemeji ya mtoto wangu. Sheria ni sheria."

Akaenda zake kwenye ofisi ya ranchi nyuma ya soko, na Syokau akaisukuma pikipiki hadi kivulini. Muinde alikuwa mdogo wake wa pekee, askari wa wanyama wa ranchi hiyo. Juma lililopita Mzee alitangaza kwamba ameikuta nyama ya digidigi, yule paa mdogo, chini ya kitanda cha Muinde kambini, imefungwa kwa turubai la kijani na kamba ya katani. Muinde alilia akiapa kwamba hajui ilikotoka. Leo kamati ikimwona na hatia, polisi wangemchukua kutoka mkutanoni moja kwa moja, na kwa kosa la namna hiyo mahakama haina mzaha. Angezeekea jela.

Kuhusu kiti, Mzee hakuwa na haja ya kumkataza. Syokau alizaliwa Maungu katika nyumba ya Kikamba, na mama yake alimlea kwa nthoni, ile heshima ya kujitenga na wakwe. Kitanda cha baba mkwe hukikalii, kigoda chake hukigusi, na njiani ukikutana naye unampisha. Miaka yote ya ndoa yake na Tom alikuwa ameishika nthoni hiyo hata Wadawida wa Mraru, watu wa mume wake, wakamsifu. Sasa kiti cha pikipiki ni nini kama si kigoda chenye magurudumu?

Kwa hiyo aliunganisha kebo kwenye plagi iliyo nyuma ya kifuniko cha ubavuni, mbali na kiti. Kusoma programu ya zamani kulikwenda vizuri. Kuandika mpya ndiko kulikokwama katikati, na tangu hapo pikipiki ikawa na nusu ya programu kichwani, haikohoi tena kwa sababu haiwaki kabisa. Akafunga chaja kwenye betri, iliyokuwa nyuma ya kifuniko hichohicho, ili umeme usipungue. Ikakwama. Akabadilisha kebo, akazima programu ya kuzuia virusi, akaizuia laptopu isilale, akalinganisha namba ya faili na namba ya kompyuta ya pikipiki. Vyote vilikuwa sawa, na bado ilikwama.

Nzi nao walikuwa wamezidi. Walitua kwenye kioo cha laptopu, kwenye vidole vyake, kwenye kikombe cha chai. Edith, anayekaanga viazi karai kibanda cha pili, alikuja ameziba pua kwa leso.

"Syokau, wateja wangu wanakimbia. Kuna kitu kimekufa hapa kwako."

"Ni mtaro."

"Mtaro gani na mvua haijanyesha? Mimi nimefuata harufu mpaka hapa. Inatoka kwa hiyo piki."

Syokau alifukuza nzi kwa kitambaa. Moyoni alikuwa anajua pa kutazama, tena tangu faili ilipokwama mara ya kwanza. Kusoma hutaka umeme kidogo, kuandika hutaka zaidi. Kama betri ni nzima na faili ni nzuri, basi plagi ya kompyuta au waya wa negativu umeoza mahali. Pikipiki ya mtu mwingine yeyote angeanzia hapo, angeng'oa kiti kabla hata ya kuwasha laptopu. Alijichukia kwa hilo. Asubuhi nzima alikuwa akihangaika kama kuku, na vitu vyote vilivyotakiwa kuangaliwa viko chini ya kiti.

Akachukua koleo. "Nisamehe, mama," alisema, na mama yake yuko kaburini Maungu. Akakata waya, akainua kiti.

Harufu ilimpiga usoni akarudi nyuma. Damu ilikuwa imemwagika humo mara nyingi, ya zamani imekauka nyeusi, ya juzi ingali inanata, na funza wakitambaa katikati ya nyaya. Plagi ya kompyuta ilikuwa imelala ndani ya uchafu huo, pini zake zimeota kutu ya kijani. Pembeni kulikuwa na kipande cha turubai la kijani, kamba ya katani, na kwato moja ndogo, ndogo kuliko kidole gumba chake.

Syokau alitapika kando ya gurudumu.

Edith akachungulia, akashika kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama!"

Hapo ndipo Syokau alipozikumbuka zile Jumapili. Mzee alikuwa akiwapelekea nyama, laini, isiyo na mfupa hata mmoja. Ni mbuzi mchanga, alisema. Syokau aliikaanga kwa nyanya na dania, akamlisha binti yake Shanice, akamshukuru Mzee kwa magoti. Akatapika tena, safari hii maji matupu.

Alikuwa na spiriti na brashi. Kusugua tu zile pini, na programu ingeandikika, kiti kingerudi, Mzee angepanda nyumbani akiimba tenzi. Mkono ulishaifikia brashi. Akaufikiria ule uso uliomwambia sheria ni sheria, akaona kinyaa kuliko alivyowahi kukionea kinyesi maishani. Akaiacha brashi.

"Edith, nisaidie kusukuma."

Waliisukuma pikipiki kupita katikati ya soko bila kiti chake, nzi wakiwafuata, watu wakiwapisha huku wameziba pua. Kiti Syokau alikibeba kwapani. Ofisini kamati ilikuwa imeketi, Muinde amesimama ukutani na polisi ubavuni, na katibu Festus akiandika kila linalosemwa. Mzee Mwandawiro alikuwa ndiyo kwanza anasimama kutoa uamuzi.

Syokau aliingiza pikipiki mpaka mbele ya meza.

"Baba," alisema, na safari hii alimwangalia machoni, "ulinikataza nisiguse kiti. Nimekigusa."

Harufu ikajaza chumba. Wanakamati waliinuka mmoja mmoja kuchungulia, wakarudi nyuma. Polisi akaliinua lile turubai kwa ncha ya rungu, akaligeukia lile jingine lililokutwa kwa Muinde, lililokuwa mezani kama ushahidi. Muinde akaanza kulia bila sauti.

"Funika hiyo kitu, Mama Shanice," alisema Mzee.

Kila mtu aliona kwamba hakuuliza ni kitu gani.

Syokau hakufunika. Mzee akatazama huku na huku, akaona nyuso zote zimemgeuka, akamwinamia mkaza mwana wake kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia. "Unajifanya safi? Si hata wewe ulikula? Ulisema ni tamu."

Kalamu ya Festus ikasimama.

"Nilikula, Baba," Syokau alisema. Akakiweka kiti juu ya meza, mbele ya kila mtu, upande wenye damu ukitazama juu. "Mtoto wako Tom alikula, na Shanice alikula. Festus, andika na hilo."