Bakuli la Anjelina

Stara alikuwa akinywa uji kwenye bakuli la mwanangu.

Nililitambua alipoliinua. Chini yake, kwa ncha ya msumari, nilikuwa nimechora ANJELINA. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni kule Mkonze, na herufi za mkono wangu sizipotezi.

"Shikamoo, mzee," Stara alisema kutoka barazani, ambako wafungwa wanawake walikaa kungoja wageni wao. "Hongera. Mwenzetu anatoka."

Katika gereza lile, anayeachiwa aliwagawia wanaobaki vitu vyake: sabuni, ndala, na mwisho kabisa bakuli, maana walisema anayeondoka na bakuli lake hurudi nalo.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imefurika Dodoma. Kosa la Anjelina lilisemwa mahakamani, sitalirudia. Ila kifungo chake kilikuwa bado kibichi.

Juma lile muuguzi Violeth alikuwa akiwapima wanawake wale huzuni, kwa kuwauliza. Unalala? Unakula? Kesho unaionaje? Waliolemewa wangepelekwa kutibiwa. Nilimkimbilia akiwa anapanda gari aondoke.

"Mzee, Anjelina alinijibu vizuri kuliko wote," aliniambia. "Hata alitabasamu. Alisema safari yake imewadia."

"Safari ipi, mwanangu? Amegawa bakuli, na hatoki leo wala mwakani."

Aliuacha mlango wa gari wazi, akarudi ndani mbio.

Mwanamume haruhusiwi upande ule. Nikabaki langoni na kisufuria cha mlenda, nimekifunika kwa kitambaa usipoe. Askari aliniambia nionje kwanza, ndiyo desturi ya chakula cha mfungwa. Nikaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa, kama anavyopenda. Nilijiambia nitamwambia hivyo.

Ndani alianza kulia mmoja, kisha wengi.

Violeth alipotoka alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Nyuma yake Stara, ameruhusiwa hadi langoni. Alikuwa amelisugua bakuli kwa mchanga hadi likang'aa. Akapiga goti, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nasikia Violeth, mpaka anastaafu, kila gereza aliloingia alianzia hapo. Kabla ya usingizi, kabla ya chakula, alimwuliza kila mwanamke, "Bakuli lako liko wapi?"

La Anjelina liko kwangu. Jina bado linasomeka.