Utakuja Tena Lini

Nyamai wa Zombe alikuwa mtu wa adabu, na ni adabu hiyo iliyokaribia kumponza mtoto wa watu.

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, alikuwa mzee wa kanisa, na tangu mwaka juzi alikuwa pia mhudumu wa kujitolea wa watoto. Kazi yenyewe haina mshahara. Unapewa mafunzo ukumbini, unapewa chai na mandazi, unapewa koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, halafu unaambiwa uwe macho na mdomo wa watoto walioondolewa kwao kwa sababu ya kipigo au kutelekezwa, wakawekwa kwa walezi wa muda. Unawatembelea, unaangalia wanavyoishi, na kesi ikifika kortini Kitui unasimama mbele ya hakimu na kumsemea mtoto. Nyamai alilipenda sana lile koti. Alilivaa hata dukani, nyuma ya kaunta, mahali ambapo hakuna lori ambalo lingeweza kumgonga.

Siku ya mafunzo, afisa wa watoto, binti mmoja mchangamfu kutoka Nyeri aliyeitwa Gakenia, aliwaambia kwamba ziara zote zifanywe bila kumwarifu mtu. Nyamai aliitikia kwa kichwa, na moyoni akaamua kwamba hizo ni tabia za huko kwao. Hapa Ukambani mtu mzima haingii boma la watu bila kubisha tangu juzi yake. Unapiga simu, unasema utafika Jumamosi, wenyewe wanafagia, wanatenga maji ya kunawa, wanakamata jogoo. Kumkuta mama wa watu na vyombo vichafu ni kumvua nguo, na Nyamai hakujitolea ili aende akivua watu nguo.

Mtoto aliyekabidhiwa aliitwa Mbithe, msichana wa miaka tisa. Mamake alizaliwa Tseikuru akaolewa Kambu, kule kwenye barabara ya Mombasa, na alipofariki, baba wa kambo akabaki na mtoto asiye wake na mshipi wa suruali. Majirani waliripoti. Serikali ikamtoa, ikamtafuta nyanya yake wa Tseikuru kwa simu bila kumpata, na kwa sasa ikamweka Mbithe kwa Kathini, mke wa shemasi, mwanamke aliyesifika Zombe nzima kwa kupokea wageni. Kathini alisimama kanisani akasema Mungu amempa binti wa pili. Watu walipiga makofi, na aliyeanza kupiga ni Nyamai.

Basi kila mwisho wa mwezi Nyamai alipiga simu, na Jumamosi iliyofuata akapokewa vizuri kuliko mshenga. Sebule ilikuwa imefagiliwa, vitambaa vya kufuma vimenyooshwa juu ya viti, na Mbithe ameketi wima ndani ya gauni la manjano, viatu vyeusi, na soksi nyeupe ndefu zilizofika magotini. Soksi hizo zilimgusa Nyamai sana. Joto la Zombe linajulikana, hata mbuzi hutafuta kivuli kabla ya saa nne, na mtoto anayevishwa soksi katika joto hilo, Nyamai aliwaza, ana mlezi anayejali. Kisha kuku aliletwa. Firigisi ikawekwa mbele ya mgeni, paja likawekwa mbele ya Mbithe, naye akala kimya, kwa bidii, mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Nyamai alimwuliza kama anakaa vizuri. Alisema ndiyo. Alimwuliza kama anasoma vizuri. Alisema ndiyo. Kazi ya ulinzi wa watoto ikaishia hapo, wakaomba, wakashukuru. Lakini Nyamai alipofika langoni alihisi mkono mdogo umemshika kidole.

"Umau," Mbithe alisema, maana hivyo ndivyo babu anavyoitwa kwa Kikamba, "utakuja tena lini?"

Wajukuu wa Nyamai walikuwa Nairobi, nao walimsalimu kwa simu pale tu mama yao alipowafinya. Siku hiyo mzee alirudi nyumbani macho yakimlengalenga. Mwezi uliofuata mtoto aliuliza tena, na uliofuata tena, kila mara pale pale langoni, kila mara akiwa ameshika kidole. Nyamai akalisimulia kanisani. Akamsimulia Gakenia, naye akawasimulia wahudumu wengine kwenye mkutano ili waone kazi inavyofanywa. Mtu mmoja tu hakuguswa, mkewe, Kalekye, ambaye alikuwa akichambua maharagwe.

"Watoto wetu hawakuwahi kuuliza mgeni atarudi lini," Kalekye alisema. "Walikuwa wanauliza ataenda lini, ndio wakule yenye imebaki."

Nyamai alimwambia kwamba ana wivu.

Hatimaye nyanya akapatikana. Aliitwa Ndila, alikuwa amepata habari za mjukuu wake kupitia kwa chifu, na alichosema ni kifupi, kwamba mtoto ni wake na anamtaka. Korti ikapanga siku ya kuamua Mbithe akae wapi moja kwa moja. Gakenia akamtuma Nyamai Tseikuru akaangalie.

Kwa Ndila hakuna mtandao, kwa hiyo Nyamai alilazimika kufika bila kubisha, na jambo hilo lilimkosesha raha tangu njiani. Alikuta nyumba mbili za udongo, mbuzi wengi, na wajukuu watatu pekupeku wakikimbizana kwenye vumbi. Ndila alimsalimu huku anakamua mbuzi, hakuinuka. Chungu cha isyo kilikuwa jikoni, mahindi na maharagwe, na wakati wa kula ulipofika bibi huyo akapakulia watoto kwanza, bakuli tele, mmoja mmoja. Kisha akampa mgeni kilichobaki chini ya chungu. Kisha yeye mwenyewe akakwangua. Nyamai, mzee wa kanisa, ambaye maishani mwake hakuwahi kula baada ya watoto, alikula kwa hasira, akihesabu bakuli za watoto zilizomtangulia.

Aliporudi alimwambia Gakenia kwamba kule ni vumbi na umaskini, na watoto ndio wanaotawala. Atamwambia hakimu mtoto abaki kwa Kathini. Gakenia alikuwa na eneo kubwa na gari moja linalokosa mafuta. Hakuwa na macho mengine ila ya Nyamai, akayaamini.

Siku chache kabla ya korti, Jumamosi ambayo haikuwa ya ziara, Nyamai alikuwa akipeleka misumari kwa mteja wakati pikipiki yake ilipopata pancha karibu na lango la Kathini. Jua lilikuwa kali na alikuwa na kiu. Alipiga simu ya Kathini, ikawa imezimwa. Aliona haya. Hakuwa na koti, hakuwa na miadi, akasimama nje ya ua wa miiba na kukohoa, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Kivulini aliketi binti wa Kathini wa kumzaa, amevaa gauni la manjano na viatu vyeusi, anachezea wanasesere. Halafu Mbithe akatokea upande wa mtoni. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shati la shule limechanika begani. Hakuwa na viatu. Hakuwa na soksi. Kuanzia magotini kwenda chini miguu ilikuwa na alama ndefu za fimbo, za zamani zilizokauka na nyingine za juzi ambazo bado zilikuwa na unyevu. Nyamai alizitazama, na akajua soksi zilikuwa za nini.

Mbithe alimwona. Hakutabasamu. Alitua mtungi, akatazama jikoni, akatazama lango, akamtazama tena mzee, uso umejaa wasiwasi wa mtu anayeona kazi imeharibiwa.

"Umau, mbona hukupiga simu?"

Nyamai alisema amepita tu.

"Leo hakuna kuku," Mbithe alisema. Kisha akasogea karibu na ua na kuteremsha sauti, akimfafanulia polepole, maana aliona mzee haelewi. "Ukipiga simu ndio nakula na wao. Nenda upige, halafu ukuje kesho."

Nyamai alishika mti wa ua, na miiba ikamchoma. Aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kuingia kwa watu bila taarifa. Yale maswali yote ya langoni, yaliyomtoa machozi na kusimuliwa madhabahuni, yalikuwa ya mtoto anayetaka kujua atakula tena lini.

Kathini alirudi muda si mrefu kutoka kwenye mazoezi ya kwaya. Alipomwona mgeni amesimama kwenye ua alishika kifua. Akaomba radhi kwa uwanja usiofagiliwa, akaomba radhi kwa vyombo, akamwamuru Mbithe aende akavae, na wakati huohuo akaanza kumfukuza jogoo. Miguu ya mtoto ilikuwa wazi mbele yao wote watatu na hakuitaja.

"Mzee, si ungeniflashia tu," alisema kwa masikitiko. "Hata nusu saa."

Nyamai akasema leo hatakula. Hapo ndipo Kathini alipoogopa.

Gakenia, aliyeitwa na Nyamai, alifika jioni hiyo na gari la ofisi. Hakupiga simu. Mbithe alilala kwa mlezi mwingine mjini Kitui, daktari akamwona, na siku ya korti ikafika.

Nyamai angeweza kunyamaza. Ripoti ya daktari ilitosha, na Gakenia alikuwa tayari kuisoma. Lakini hakimu, mama mwenye miwani na subira kidogo, alitaka kujua jambo moja, imekuwaje mhudumu aliyekuwa akifika kwenye boma hilo kila mwezi hakuona kitu. Shemasi na mkewe walikuwa pale. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wakisubiri nje ya mlango. Nyamai angeweza kuzilaumu soksi. Alisimama, akatafuta kifungo cha koti lake, akakiacha.

"Mheshimiwa, kila mara nilienda pale nikiwa mgeni," alisema. "Na hii mtoto alikuwa mgeni siku hizo hizo, tunakula pamoja. Siku yake ya kawaida mimi sikuwahi kuiona."

Hakimu akamwuliza kuhusu Tseikuru, ambako alisema hakufai. Nyamai alikohoa.

"Kule nilipewa chakula ya mwisho, baada ya watoto. Nilikasirika. Mpelekeni kule."

Mbithe akapewa nyanya yake. Kesi ya Kathini ikaenda polisi, inakotembea kwa mwendo wa kesi zote. Na Zombe, Mungu aibariki, ikakasirika. Haikukasirikia miguu ya mtoto, maana watu walisema nani hakuchapwa. Ilimkasirikia Nyamai, mtu wa kula kuku za mama wa watu mwaka mzima halafu kwenda kumsema kortini. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Kalekye akaja akakaa karibu naye, kwenye benchi la wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Miezi miwili baadaye Nyamai alikwenda Tseikuru. Hakumwarifu mtu, na hata angetaka asingeweza. Ndila alimsalimu huku anakamua. Mbithe alikuwa nyuma ya mbuzi pamoja na wale wengine watatu, pekupeku, ana vumbi hadi kwenye nywele, alama za miguuni zimeanza kufifia. Alipigia mbuzi kelele na kelele yake ilisikika mbali. Wakati wa kula alipakuliwa kabla ya mgeni. Alikula akiongea, akagombana na binamu yake, akaacha maharagwe kadhaa kwenye bakuli kwa sababu ameshiba, kisha yeye ndiye aliyemletea Nyamai isyo ya chini ya chungu. Ilikuwa imeungua kidogo. Nyamai aliimaliza.

Alipoinuka kwenda aliagana na Ndila, akatembea polepole hadi langoni. Pale alisimama. Akafunga kifungo cha kwanza cha koti, akafunga cha pili, akauacha mkono wa kulia ukining'inia kando, mahali ambapo mtoto angeufikia. Mbithe alimpungia mkono akiwa mbali, akageuka, akakimbilia mbuzi wake. Nyamai akafungua kifungo na kukifunga tena. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuuma.

"Umesahau kitu?" Ndila aliuliza kutoka jikoni.

Nyamai akasema hapana, akawasha pikipiki.