Seva ya Zamani Imekataa

Tangu asubuhi Chapchap hajaketi. Wenzake walimpa jina hilo fundi huyu wa kompyuta za hospitali, na leo lilimkaa sawasawa: mara aguse ubavu wa seva mpya, mara aitazame simu. Seva ilikuwa ya moto, feni imekufa. Ndani yake ndimo ilimokuwa mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, iliyobeba kazi zote za maabara. Na maabara, jamani, walikuwa wanamtafutia mdogo wake damu inayopatana na yake. Alijifungua alfajiri na bado anavuja damu.

Dawa ilikuwa kuihamishia mashine pepe kwenye seva ya zamani bila kuizima. Akabonyeza. Ikakataa. Akabonyeza tena, kama mtu anayemsukuma punda. Wapi.

"Uliichagulia prosesa gani?" mwenzake wa zamu akauliza, ingawa aina ya ubongo huo wa kompyuta aliijua.

Alijua, maana siku Chapchap alipoiunda mashine pepe alimsihi: chagua aina ya chini, ambayo seva zote mbili zinaifahamu, ikibidi kuhama isituletee maringo. Chapchap akachagua mashine iige prosesa ya seva mpya vilevile ilivyo, ipate kukimbia. Ikakimbia kweli. Sasa ilizoea amri ambazo seva ya zamani haizijui. Haihami mpaka izimwe, aina ibadilishwe, iwashwe upya, na muda huo maabara nzima inasimama. Ikiachwa, joto litaizima ghafla, na majibu yote yanaweza kuharibika.

"Ngoja basi majibu ya mdogo wako yatoke," mwenzake akasema kwa upole.

"Na yakiharibikia njiani?"

Alijichukia. Akaizima mashine pepe.

Alikuwa akibadilisha aina ya prosesa, simu ikaita. Ni mume wa mdogo wake, yuko wodini.

"Shemeji, maabara wanasema kompyuta zimezimwa. Damu haitoki bila majibu. Mwehu gani amezima?"

Angeweza kusingizia umeme. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Ni mimi, shemeji. Nilikosea tangu siku nilipoiunda."

Upande wa pili kichanga kilikuwa kinalia, hata jina hakijapewa.

"Basi iwashe," shemeji akasema, na hakukata simu.