Pedali ya Mjomba

Kuna watu wakiona kitu hakifanyi kazi huuliza. Nyuzi hakuwa mmoja wao. Alipiga magoti mbele ya ubao wake wa pedali za gitaa, akachomoa waya, akauchomeka uleule palepale, kisha akarudi nyuma kidogo kuutazama, kana kwamba waya ungeona haya ukajirekebisha wenyewe. Taa za pedali zote zilikuwa zimezimika. Zilikuwa zimezimika vilevile jana, na zilizimika vilevile mara zote alizojaribu asubuhi ile.

"Bado?" aliuliza Kiongozi. Bendi ni yake, na besi anapiga yeye. Alikuwa amelilaza gitaa lake la besi tumboni na kukunja mikono juu yake, kama mtu aliyechoka kusubiri kuhudumiwa.

"Bado."

"Maana wimbo wa kurekodi ni mmoja, na huo wimbo unaanza na wewe."

"Najua, Kiongozi."

Alijua kuliko wote. Mwanzo wa wimbo ule ulikuwa gitaa peke yake, sauti nzito yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi na hataki kusemeshwa. Sauti hiyo haikutoka kwenye gitaa tupu. Ilitoka kwenye pedali moja, kisanduku cha chuma cha kijani kilichochubuka rangi, ambacho mjomba wake alikikanyaga miaka yote aliyopiga kwenye bendi hiyo. Watu walipousikia mkwaruzo ule tu walisimama kucheza hata kabla ngoma hazijaingia. Nyuzi alikuwa amejaribu kuiiga kwa pedali zake mwenyewe, na kila mara Kiongozi alitikisa kichwa na kusema kitu kilekile, kwamba inafanana, lakini siyo.

Mjomba aliacha kupiga mikono yake ilipoanza kutetemeka. Mwanzoni alikosa nota moja moja, wenzake wakajitia hamnazo. Baadaye Kiongozi akaacha kumwambia siku za mazoezi. Hakuna aliyemfukuza. Walisema tu kwamba anapumzika, na nafasi yake akapewa Nyuzi, binti wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika gitaa na kumbandika hilo jina kwa jinsi alivyopenda kuvutavuta nyuzi alipokuwa mdogo.

Kwa hiyo siku aliyokwenda kuomba pedali, Nyuzi alisimama mlangoni kwa mjomba kama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Hakukaa. Mjomba aliingia ndani, akarudi na kile kisanduku, akampa. Alipoulizwa adapta yake ya umeme, alisema hajui iliishia wapi. Nyuzi alipokuwa anaondoka, mjomba alimwambia kwa nyuma, "Ikikusumbua, njoo."

Maneno mawili tu, lakini yalimchoma. Aliyasikia kama kejeli. Anadhani sijui kitu, alijisemea njiani, na akaapa kwamba atakula nyaya zote za dunia kabla hajarudi pale kuuliza.

Sasa alikuwa karibu kuzila. Ubao wake ulikuwa na pedali tatu nyingine, zote zikipata umeme kutoka adapta moja yenye waya wa vichwa vingi, kila kichwa na pedali yake. Hizo tatu ziliwaka bila shida. Akiichomeka ya mjomba, zote nne zinazimika papo hapo. Akiitoa, tatu zinarudi kuwaka kana kwamba hazikufanya kosa lolote. Alibadilisha nyaya za gitaa. Alibadilisha mpangilio, ya mjomba ikae mbele, ikae nyuma, ikae katikati. Alibadilisha soketi ya ukutani. Aliazima adapta nyingine ya aina ileile, nayo ikazimika vilevile.

"Ipige kidogo ubavuni," alishauri Kishindo, mpiga ngoma, ambaye kwake hakuna tatizo lisilohitaji kupigwa. "Redio ya baba yangu ilikuwa hivyohivyo."

"Hii si redio ya baba yako."

"Basi itie betri."

Nyuzi aliifungua mgongo mbele yao, ili wamwache. Pa kuweka betri palikuwa patupu, nyaya zake zimekatwa. Kwenye tundu la umeme kulikuwa na waya mwekundu na waya mweusi, zote zimelehemiwa vizuri, hakuna uliolegea. Alizivuta kidogo kwa kucha, akaridhika, akafunga. Hakutazama mwekundu umelehemiwa upande gani na mweusi upande gani. Nani hutazama? Waya ukiwa umeshika, umeshika.

Chumba chao cha mazoezi kilikuwa nyuma ya karakana ya seremala. Kuta zote zilibandikwa trei za mayai ili majirani wapate amani, lakini seremala alipowasha msumeno hakuna trei iliyosaidia. Msumeno uliwaka wakati huo, na Kiongozi akangoja unyamaze ndipo aseme alichotaka kusema.

"Sikiliza, dada. Jumamosi saa nane tunaingia studio. Nimeshaongea na mpiga kinanda mmoja, ana hiyo sauti kwenye kinanda chake, karibu sawasawa. Kama hicho kidude hakijaimba, mwanzo atapiga yeye. Na akishakuja, siwezi kumwambia apige mwanzo halafu akae. Atapiga wimbo wote."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika kidogo."

Nyuzi aliinama akaanza kukusanya nyaya zake, kwa sababu hakutaka waone uso wake. Kupumzika. Alilijua neno hilo. Alikuwapo lilipotumika mara ya kwanza, alikuwa amekaa kwenye kona hiyohiyo na gitaa jipya mapajani, na hakusema chochote.

Ijumaa alikwenda kwa muuza vyombo vya muziki. Huyu alikuwa mtu wa kujua kila kitu kwa sauti kubwa. Aliipokea pedali, akaipindua, akatafuta maandishi. Hayakuwapo. Kiatu cha mjomba kilikuwa kimeyafuta zamani.

"Inataka volti ngapi?"

"Nadhani tisa, kama nyingine. Lakini nikiiweka na nyingine zote zinazimika."

"Umeona?" alisema muuzaji, kwa furaha ya mtu aliyeshapata jibu. "Inawanyonya wenzake. Hizi za zamani nyingine zilikuwa zinakula kumi na nane. Umeme wako ni mdogo, dada, hii inataka yake peke yake, na yenye nguvu."

Jibu lilimkaa Nyuzi vizuri kabisa, kwa kuwa halikuhitaji kumuuliza mtu mwingine yeyote. Aliondoka na adapta nzito iliyojaa kiganja. Hakuwa na subira ya kufika nyumbani. Alipitia chumba cha mazoezi, akaomba ufunguo kwa seremala, akaiweka pedali sakafuni peke yake, bila wenzake, bila hata gitaa, akachomeka adapta mpya na kuibonyeza soketi.

Taa haikuwaka. Badala yake kulitoka mlio mdogo, ti, kama wa jiko linapowashwa, halafu harufu. Mpiga gitaa yeyote anaijua harufu hiyo na hakuna anayependa kuijua. Aliruka kuchomoa waya, lakini uzi mwembamba wa moshi ulikuwa umeshatoka kwenye tundu la skrubu na kupanda taratibu mbele ya trei za mayai.

Nyuzi alikaa chini. Alimtukana muuzaji, akaitukana pedali, akamtukana Kiongozi na kinanda chake. Watukanwa walipomwishia alibaki yeye, na hapo akalia kwa hasira, machozi ya moto yasiyo na faida yoyote. Seremala alichungulia kuuliza kama kuna kitu kinaungua upande wake.

"Hapana," alisema Nyuzi. "Ni huku."

Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni kwa mjomba, pedali ndani ya mfuko. Kiapo kilikuwa kimekwisha nguvu. Alikuwa amejipa moyo njia nzima: mjomba alikuwa fundi wa vitu vyake mwenyewe, huenda kuna kipande kimoja tu cha kubadilisha, huenda saa nane wakaiwahi.

Mke wa mjomba alifungua, akamtazama, kisha akageukia ndani na kupaza sauti. "Haya, wamekuja." Halafu akamwambia kwa chini, "Ingia, mama. Afadhali umekuja, maana huyu mtu angenimaliza."

Mjomba alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti kilichotazama mlango. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, kamba zimefungwa. Mikono alikuwa ameibana katikati ya magoti ili itulie.

"Shikamoo, mjomba. Unatoka?"

"Marahaba. Inategemea wewe."

"Anatoka kila siku," mkewe alijibu kwa niaba yake. "Tangu ulipochukua hicho kidude. Kila asubuhi nimpigie pasi shati, nimfunge viatu, eti bendi watakuja kumchukua. Jioni namfungua. Nikimuuliza nani kamwambia wanakuja, ananiambia nisubiri nione."

Mjomba alikuwa anatabasamu. Nyuzi hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu mikono ilipoanza.

"Zinazimika zote, siyo?" alisema. "Ukiichomeka ya kwangu, taa zote, pu."

"Ndiyo, mjomba."

"Umebadilisha nyaya. Umebadilisha adapta. Yule kijana wa ngoma kasema uipige."

Mjomba aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, ukagongagonga kitambaa kabla haujapata ulichokuwa unakitafuta, akatoa adapta ndogo nyeusi iliyofungwa mpira. Aliiweka juu ya meza mbele yake kama mcheza karata anayejua ameshinda.

"Hii ndiyo yake. Wenzangu walikuwa wanapenda kuazima. Nikigeuka kidogo, pedali yangu iko kwa mtu mwingine. Basi nikaifungua, nikageuza nyaya kwenye tundu la umeme, chanya ikakaa kwa hasi, hasi kwa chanya. Nikageuza na kwenye adapta yake, zikafanana. Mtu akiiba, haimfai. Akiiunganisha na zake, inazizima zote. Haziharibiki, zinakataa tu, mpaka aje kwangu." Alicheka. "Wote walikuja. Wapiga gitaa wote waliopita pale."

Damu ilimpanda Nyuzi kichwani. "Mjomba. Ulikuwa nayo mfukoni."

"Nilikuambia ikikusumbua uje."

"Ulisema hujui ilipo. Mimi nimehangaika wiki nzima, nimeonekana mjinga mbele ya watu, nafasi yangu wanampa mtu wa kinanda, na wewe umekaa hapa nayo mfukoni?"

"Ndiyo maana nimevaa," alisema mjomba, bado ana furaha, kama hajasikia hasira. "Twende wote. Mimi nichomeke, wewe upige. Nikae pale pembeni tu, sitasema kitu. Lete hiyo pedali."

Alinyoosha mkono, na mkono ukatetemeka hewani ukimngoja. Nyuzi aliitoa pedali kwenye mfuko. Alitaka kuanza kwa kusema, lakini harufu ilitangulia. Mjomba aliipokea, akaisogeza puani, na tabasamu likaondoka. Alikaa nayo hivyo, karibu na uso.

"Uliiwekea nini?"

"Kumi na nane. Peke yake."

"Peke yake," alirudia mjomba. "Kwa wenzake ingezima tu. Peke yake ikala umeme wote kinyume." Aliigeuza, akagusa skrubu kwa kidole ambacho hakikutulia juu yake. "Vile vidude vya ndani havipatikani tena. Nilivitafuta hata mimi, zamani, nipate vya akiba."

Mke wa mjomba aliingia jikoni bila kuitwa. Simu ya Nyuzi ilitetemeka mfukoni. Alijua ni nani, akaiacha mpaka ikachoka. Hasira bado ilikuwapo, na yeye hakuona sababu ya kuimeza.

"Ungeniambia," alisema. "Neno moja tu, mjomba. Geuza nyaya. Leo ingekuwa inaimba."

"Kweli." Mjomba aliiweka pedali mezani kando ya adapta yake. "Ningekuambia, ungekuja leo?"

Nyuzi alitaka kusema angekuja, bila shaka angekuja, mjomba wake yeye. Alitafuta mara ya mwisho alipokaa kwenye sebule hiyo bila kutaka kitu, asiipate, na mjomba alimwacha aitafute bila kumsaidia.

Kisha mjomba alisogeza mguu mmoja mbele, kiatu kinang'aa. "Mke wangu anafunga kwa nguvu sana," alisema. "Nisaidie kuvivua, mama. Leo sitoki."

Nyuzi alipiga magoti. Fundo lilikuwa gumu kweli, na ilimbidi atumie kucha.