Mikono Haikurudi

Cherehani zikiunguruma zote kwa pamoja, ndani ya kile kiwanda hata mwenye masikio mazima aligeuka kiziwi. Ndiyo maana Bi Mkubwa, mwenye kiwanda, hakuona tabu kuajiri viziwi wa kweli. Nusu ya washonaji hawakusikia, nusu iliyobaki haikusikilizana, na kazi ilikwenda kwa simu. Si kupigiana: wanaosikia waliandikiana, viziwi walitumiana video fupi za mikono yao ikiongea.

Ujumbe huo wote ulipita kwenye seva yao wenyewe, kompyuta ya kupokea na kutunza ujumbe, iliyofungwa ukutani katika chumba kidogo nyuma ya boila za pasi. Zamani walitumia programu ya bure ya watu wa mbali, mpaka siku moja kundi lao likafungwa bila hodi wala kwaheri, na hakuna aliyejua aende kulalamika kwa nani. Bi Mkubwa akaapa kwamba hatapanga tena katika nyumba ya mtu asiyemjua sura. Akamwita fundi wake wa umeme, mwanamke wa makamo mwenye vidole vya koleo na mdomo wa pilipili, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Waya. Yeye ndiye aliyeiweka seva ile, na yeye ndiye aliyeilea.

Mdogo wake Mama Waya alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa mwembamba, mkali, na watu walimwita Sindano. Wenye kuongea kwa mikono walimwita kwa kubana kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayetunga uzi. Alikuwa msimamizi wa ukumbi wa kushona, kiziwi wa kwanza kupewa cheo hicho. Alikipata kwa zile video. Kola ya shati hili inageuzwa vipi, mshono wa bega uanzie wapi, kitambaa kipi kinavutika na kipi kinakasirika kikipigwa pasi: yote aliyaonyesha kwa mikono, yakakaa kwenye seva, na mshonaji mgeni aliyatazama hata mara kumi bila kumsumbua mtu.

Sasa likaja tangazo la watengenezaji wa programu ya seva ile, kwamba kuanzia Jumatatu programu ya kwenye simu haitaongea tena na seva za matoleo ya zamani. Na ile yao ilikuwa ya zamani haswa. Mama Waya alikuwa akisema "mwezi ujao, mwezi ujao," mpaka miezi ikamchoka.

Bwana Mkwe alimwita ofisini. Huyu alikuwa mume wa binti wa Bi Mkubwa na meneja wa uzalishaji. Alikaa nyuma ya kioo, akiutazama ukumbi kama mtu anayetazama samaki.

"Mama Waya, si kuna kitufe cha kusasisha? Kibonyeze tuendelee na maisha."

"Kitufe hicho, bosi, ni cha anayetoka toleo la jana kwenda la leo. Sisi tumelala miaka. Kila toleo kubwa linapanga upya ghala la ujumbe. Linahamisha rafu, linabadilisha kufuli. Linalofuata linategemea rafu zilivyoachwa na lililotangulia. Ukiruka, linakuta ghala lisilolijua na linaanza kubomoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunapanda ngazi moja moja. Tunapanda, tunasimama, tunatazama, ndipo tunapanda tena. Na kabla ya kuigusa seva yenyewe, nachukua nakala ya akiba, naifungua kwenye kompyuta nyingine, nafanyia mazoezi huko. Ikilipuka, iwe imelipuka ya mazoezi."

Bwana Mkwe alizungusha kalamu. "Haya, fanya mazoezi yako. Lakini nikwambie mapema. Jumatatu ikifika na hicho kidude kimekufa, ukumbi utapata msimamizi anayesikia. Nimeshamweleza mama. Hatuwezi kuongozwa na mtu ambaye simu ikizima na yeye kazima."

Mama Waya alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Yaani wewe ndiye unayetaka turuke, halafu tukivunjika mguu anayeng'olewa ni mdogo wangu?"

"Usinipandishie sauti."

"Nisipoipandisha utanisikiaje? Cherehani zote hizi!"

Akatoka bila kufunga mlango. Alipita kwenye meza za pasi akinung'unika, na Babu Pasi, mpiga pasi mkongwe kuliko wote pale, akampisha na kusema, "Pita mama, pita. Leo ukigusa shati linanyooka bila moto."

"Ati simu ikizima na yeye kazima! Yeye umeme ukikatika si hukaa gizani akiita 'Mama Waya, Mama Waya' kama kifaranga?"

"Hukaa," alisema Babu Pasi. "Na mlango hufunga kwa ndani."

Alichukua kompyuta kuukuu kutoka stoo, akaifuta vumbi, akaifungulia nakala ya akiba. Nakala hizo zilikuwa fahari yake. Kila jioni, kabla ya kuvua koti la kazi, alihakikisha imechukuliwa na imetoka nje ya seva, kwenye diski aliyokwenda nayo nyumbani. Hakuna aliyewahi kumtuma. Akapandisha toleo la kwanza. Akafungua chumba cha matangazo, akasoma: maneno yote yapo. La pili, yapo. Akaendelea hivyo hivyo mpaka toleo jipya kabisa likasimama mbele yake linang'aa, na ujumbe wa tangu siku ya kwanza umo ndani. Alicheka peke yake. Halafu, kwa sababu hasira yake ilikuwa bado ya moto na alitaka mtu auone ushindi, akawaita Bi Mkubwa, Bwana Mkwe na Sindano waje washuhudie.

Walibanana wote wanne chumbani. Bwana Mkwe akashika kipanya, akatafuta ujumbe wake mwenyewe.

"Kweli upo. Hata siku niliyoomba chai bila sukari ipo."

"Na uliletewa yenye sukari," alisema Bi Mkubwa, "ukaandika tena. Na huo upo?"

"Upo, mama."

Mama Waya alikunja mikono kifuani, akimtazama Bwana Mkwe kwa jicho la "umeona?"

Sindano akamwondoa mkwe wa watu kwenye kipanya kwa kiwiko, akafungua chumba cha ukumbi wa kushona. Akashusha. Akashusha tena. Kila palipokuwa na video palikuwa na kijisanduku cha kijivu, kitupu. Kijivu juu, kijivu chini, na katikati, mara moja moja, neno la mshonaji anayesikia: "Sawa." "Nimeelewa." Nimeelewa nini? Kijivu.

Mama Waya alielewa kabla hajaulizwa. Maneno hukaa kwenye ghala la ujumbe. Picha na video hukaa pembeni, kwenye folda yao. Nakala yake ilibeba ghala tu. Jioni zote zile, miaka yote ile, folda haikuguswa. Na alipokuwa akikagua, alikagua kwa kusoma. Alifungua chumba, akaona maneno, akaenda zake nyumbani.

"Yako yapo," Sindano alisema kwa mikono, polepole, kama anayeongea na mtoto mtukutu. "Ya huyu yapo, na chai yake. Ya mama yapo. Yangu yako wapi?"

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Mkwe. "Ni hizo video? Si kitu, maneno yote yamerudi. Nakala imekamilika. Tuendelee."

Mama Waya alimgeukia na maneno yameshafika kwenye meno, lakini Sindano alimshika kidevu, akamgeuza uso.

"Usimgombeze yeye. Nakutazama wewe. Huyu haijui mikono yangu. Wewe umekua nayo. Umeongea nayo kabla hujaenda shule. Na hukuitafuta hata siku moja!"

"Anasemaje?" sasa alikuwa Bi Mkubwa.

Mama Waya alipiga hesabu haraka. Jumatatu ilikuwa inakuja, cheo cha mdogo wake kilikuwa kinaning'inia, na yule meneja alikuwa amesimama pale akingoja kosa. "Anasema... kuna kasoro ndogo, mama, ya kure—"

Sindano alipiga meza mpaka kompyuta ikaruka. Midomo ya dada yake alikuwa akiisoma tangu utotoni. "Usinipunguze! Nilivyosema, sema hivyo hivyo."

Basi akasema. Alisema akitazama sakafu mwanzoni, kisha akainua uso.

"Anasema nimewatupa, na ni kweli. Nakala zangu zote zilibeba maneno ya wanaosikia, zikaacha ya viziwi. Seva ingeungua jana, ninyi mngerudishiwa mpaka chai yenu. Wao wangerudishiwa visanduku vitupu. Na mimi ningesimama hapa nikisema nimemaliza kazi."

Bwana Mkwe alitabasamu kwa upande mmoja. "Kumbe fundi mwenyewe ndiye. Mama, si nilisema? Mambo haya ya video ni matatizo matupu. Tuweke msimamizi wa kawaida, tupumue."

"Wa kawaida," alirudia Bi Mkubwa. Alikitazama kile kioo cha kijivu kwa muda. "Nilipokuajiri wewe, ulijifunza kushona kola kwa nani?"

"Kwenye... kwenye hizo video."

"Nyamaza basi." Kisha akamgeukia Mama Waya, na uso wake haukuwa na huruma. "Na wewe usifurahi. Jumatatu asubuhi simu zisipofanya kazi, na hizo video zisipoonekana, nitafanya anavyotaka mkwe wangu. Mashati ya shule hayangoji mtu."

Jumamosi kiwanda kilifungwa mapema, Mama Waya na Sindano wakabaki. Mama Waya alizuia kwanza watu wasitume ujumbe mpya, akachukua nakala ya ghala na nakala ya folda, zote mbili kwa wakati mmoja, zisije zikapishana. Folda ilikuwa nzito kama gunia la mchanga na ilijivuta mpaka wakachoka kuitazama. Akazifungua kwenye kompyuta kuukuu. Hakugusa kipanya. Alikisukuma kwa Sindano.

Sindano akafungua video ya zamani kuliko zote, yeye mwenyewe akiwa bado mwanafunzi, akionyesha jinsi ya kutunga uzi. Ikacheza. Hakutabasamu. Alitikisa kichwa: endelea.

Wakaanza kupanda kwenye seva yenyewe. Kila toleo likisimama, Sindano alitafuta mkono kwanza. Maneno yalisomwa baadaye. Ngazi ya kwanza salama, zilizofuata salama. Kisha wakafika toleo moja, maneno yakaja yote, na mahali pa video pakawa kijivu.

Bwana Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. "Endeleeni tu, mtarekebisha mkifika mwisho. Mna haraka au hamna?"

Na kusema kweli, mkono wa Mama Waya ulikuwa umeshaanza kwenda. Jua lilikuwa linateremka, mgongo ulimuuma, na mwisho ulikuwa karibu mno. Sindano akamkamata kifundo cha mkono, akakibana kama mguu wa cherehani ubanavyo kitambaa.

"Hapana. Rudi."

Wakarudi. Walirudisha toleo la nyuma pamoja na nakala yake, wakahakikisha mikono ipo, ndipo Mama Waya akayasoma upya maelezo ya toleo lile, ambayo alikuwa ameyapitia juu juu. Lilitaka kuelezwa folda ilipo kabla ya kuwashwa, kwa sababu lilikuwa limeacha kuitafuta mahali pa zamani. Lingewashwa hivyo hivyo, na matoleo ya juu yake yakapandishwa, lile fundo lingezikwa chini ya mengine na kulifungua kungekuwa balaa. Akalieleza. Wakapanda tena. Mkono ukatokea kwenye kioo, ukatunga uzi.

"Si nilisema mtarekebisha?" alisema Bwana Mkwe.

"Wewe nenda nyumbani, mwanangu," alisema Mama Waya, "kabla sijakupandishia kitu kingine mbali na sauti."

Walimaliza kabla giza halijaingia. Wakaruhusu ujumbe, wakajaribu kwa simu zao wenyewe, wakafunga chumba. Sindano alitembea mbele mpaka nyumbani bila kugeuka. Na mtu anayeongea kwa mikono akikupa kisogo, amekufungia mdomo na sikio kwa pamoja.

Jumatatu asubuhi simu ziliwashwa ukumbi mzima. Zikaongea. Video ya kwanza ilikuwa ya Sindano, kwa wote, mikono tu na uso wake mkavu. Haikuwa na maandishi hata neno.

"Mashati ya shule yanatoka Ijumaa. Video zote zipo, kila mtu aangalie zake na kuniambia kama kuna isiyofunguka. Na kuanzia leo, mwenye neno na ukumbi huu aje kwangu. Asipitie kwa dada yangu."

Ukumbi mzima viganja vikapanda juu, vikatikiswa hewani, mamia ya vidole vinapepea juu ya vichwa. Hata wanaosikia walipepea. Babu Pasi alipepea na pasi mkononi.

Bwana Mkwe alitoka nyuma ya kioo chake mbio. Alimkuta Mama Waya juu ya ngazi akibadilisha taa.

"Kuna nini? Wanagoma?"

"Wanapiga makofi."

"Makofi gani hayo? Amewaambia nini? Niambie amesema nini!"

Mama Waya aliitazama taa. Yale maneno ya mwisho ya Sindano yalikuwa yamemchoma, na alijua yalilengwa palepale yalipochoma. Alikaza taa mpaka ikawaka.

"Msimamizi wako yule pale, bosi. Muulize."

"Nitamuulizaje sasa?"

"Hilo swali ungeliuliza siku ya kwanza ulipofika. Na mimi pia ningeacha kumsemea tangu siku hiyo." Akashuka, akabeba ngazi yake begani, akaenda zake.

Bwana Mkwe alibaki amesimama. Kisha akavuka ukumbi, katikati ya cherehani, simu mkononi, mpaka mbele ya Sindano. Sindano aliinua macho, akangoja. Bwana Mkwe aliitia simu mfukoni, akaitoa, akaitia tena, akabaki na mikono yake miwili mitupu mbele ya kifua, hajui aipeleke wapi.